Jean Rosenthal, Mwanamke Aliyeupima Mwanga

Askari aliyepata kusimama zamu ya usiku anajua kwamba taa si kitu cha kuwekwa ovyo. Taa iliyofungwa mahali pake humwonyesha mlinzi lango, ukuta na njia. Taa hiyo hiyo ikisogezwa hatua mbili humpofusha mlinzi na kumpa mwizi kivuli cha kujificha. Kwa sababu hiyo mkuu wa kambi mwenye busara hatosheki kuamuru kwamba taa iwekwe karibu na lango. Hueleza iwekwe juu ya nguzo ipi, kwa kimo gani, na ielekezwe wapi, kisha huyaandika hayo yote ili mkuu atakayeshika nafasi yake ayakute.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mwanamke ambaye hakuwa askari wala hakupata kuamuru kikosi, lakini aliifanya kazi yake kwa nidhamu ya namna hiyo tangu ujana wake hata kufa kwake. Jina lake ni Jean Rosenthal, raia wa Marekani, aliyefariki mwaka 1969. Kazi yake ilikuwa kupanga mwanga wa jukwaani katika michezo ya kuigiza, dansi na michezo ya nyimbo.

Huenda msomaji akauliza kazi hiyo ina uzito gani hata istahili kusimuliwa katika ukurasa huu. Jawabu ni kwamba mwanga wa jukwaani ni kazi isiyoacha alama. Mwashi akifa huacha nyumba, na mchongaji huacha kinyago. Bali mpangaji wa mwanga, pazia likishuka na taa zikizimwa, huwa kama hakufanya neno. Bi. Rosenthal alipoanza, kazi hii haikuwa hata na jina lake yenyewe. Alipoiacha, ilikuwa imekwisha kuwa fani yenye heshima. Mojawapo ya mambo makubwa yaliyoleta mageuzi hayo ni karatasi yenye vipimo.

KUZALIWA NA MASOMO

Jean Rosenthal alizaliwa New York tarehe 16 Machi 1912. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Rumania, na wote wawili walikuwa madaktari. Nyumba ya madaktari ni nyumba ya watu waliozoea kupima kabla ya kutoa dawa, ingawa binti yao hakufuata njia ya hospitali.

Akiwa msichana aliingia katika chuo cha michezo ya kuigiza kiitwacho Neighborhood Playhouse, mjini humo. Huko alikutana na Martha Graham, mwalimu na mtunzi wa dansi ambaye jina lake lilikuja kuvuma duniani kote. Jean hakuwa na hamu ya kucheza wala kuigiza. Alivutwa na mambo yanayotendeka nyuma ya pazia, akawa msaidizi wa Martha Graham katika shughuli za jukwaa. Urafiki wa kazi ulioanza hapo ulidumu kwa muda wa miaka arobaini hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, katika jimbo la Connecticut. Mwalimu wake huko alikuwa Stanley McCandless, mtu aliyesomea uchoraji wa majengo kabla ya kugeukia taa za jukwaa. Mwaka 1932 McCandless alitoa kitabu kilichoeleza njia yake. Alifundisha kwamba jukwaa ligawanywe katika sehemu ndogo ndogo, na kila sehemu imulikwe na taa mbili zinazotoka pande mbili mbali mbali, kila moja ikiteremka kwa pembe ya nyuzi 45. Taa moja iwe na rangi yenye joto kidogo na ya pili iwe na rangi ya ubaridi, ili uso wa mwigizaji uonekane una umbo, usiwe bapa kama sahani.

Njia hiyo huonekana nyepesi ikisemwa kwa maneno, lakini haitekelezeki bila kipimo. Pembe ya nyuzi 45 haipatikani kwa kukisia. Ni lazima kujua kimo cha taa kutoka sakafuni na umbali wake kutoka pale atakaposimama mwigizaji. Hivyo mwanafunzi wa McCandless alijifunza mapema kwamba mwanga huanzia mezani, penye rula na penseli.

HALI YA KAZI WAKATI HUO

Katika siku zile jina la mpangaji wa mwanga mara nyingi halikuchapishwa katika karatasi za maonyesho. Mwenye kuchora mapambo ya jukwaa ndiye aliyetazamiwa kusema mwanga uwe wa namna gani, na fundi mkuu wa umeme ndiye aliyepanda ngazi akatundika taa alivyoona inafaa. Mambo yakienda vema sifa zilikwenda kwa wengine, na mambo yakiharibika lawama ilimwangukia fundi. Siri ya mwanga uliopendeza ilikaa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo akiugua au akihama, siri ilihama naye.

Kila askari anaijua hatari ya jambo hilo. Kikosi ambacho njia zake zote anazijua kiongozi mmoja tu, bila ramani wala maandishi, hupotea siku kiongozi huyo anapokosekana.

Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwapatia kazi watu wa michezo ya kuigiza waliokuwa wameachwa bila riziki na mdodoro mkubwa wa uchumi. Jean Rosenthal aliingia katika mpango huo akiwa na umri wa miaka 23. Muda si mrefu akawa katika kikundi kilichoongozwa na John Houseman na kijana mwenzake Orson Welles. Mkuu wa taa alikuwa Abe Feder, naye Bi. Rosenthal akawa msaidizi wake.

USIKU WA PIANO

Tarehe 16 Juni 1937 kikundi hicho kilikuwa tayari kuonyesha mchezo wa nyimbo ulioitwa The Cradle Will Rock, uliotungwa na Marc Blitzstein juu ya ugomvi wa wafanyakazi na matajiri wa chuma. Serikali iliyokuwa ikilipia mchezo huo iliahirisha maonyesho yote mapya, na walinzi wakawekwa katika jumba lenyewe. Hakuna kitu kilichoruhusiwa kutolewa nje: si mapambo, si mavazi, si taa.

Viongozi wa kikundi waliamua kutafuta jumba jingine usiku ule ule. Bi. Rosenthal alitumwa akakodi piano. Aliipata, akaipakia katika lori, kisha ikambidi azunguke nayo katika mitaa ya New York huku akipiga simu mara kwa mara, kwa kuwa hakuna aliyejua bado jumba litakuwa lipi. Hatimaye jumba liitwalo Venice likapatikana, umbali wa mitaa ipatayo 21 kuelekea kaskazini, na waigizaji pamoja na watazamaji wao wakaandamana kwenda huko. Chama cha waigizaji kilikuwa kimewakataza kupanda jukwaani. Kwa hiyo Blitzstein alikaa peke yake jukwaani na piano ile, na waigizaji wakasimama mmoja mmoja katikati ya watazamaji, wakaimba kutoka mahali walipokuwa. Feder aliwafuata kwa taa moja.

Usiku huo umeingia katika historia ya michezo ya kuigiza ya Marekani. Twautaja kwa sababu unaonyesha tabia ya Bi. Rosenthal. Alipewa agizo lisilo na anwani, na piano ikafika. Tena unaonyesha kwamba taa zote zilizopangwa kwa uangalifu zaweza kukosekana kwa saa moja, na kazi ikalazimika kuanzwa upya mahali pengine. Mtu atembeaye hana budi kuwa na kitu cha kuchukua mkononi, nacho ni mpango.

Baadaye mwaka ule Welles na Houseman walianzisha kikundi chao wenyewe, Mercury Theatre, na Bi. Rosenthal akafuatana nao. Mchezo wao wa kwanza ulifunguliwa mwezi Novemba 1937. Ulikuwa mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, lakini waigizaji walivaa mavazi ya siku zile, kama majeshi ya madikteta wa Ulaya. Jukwaa lilikuwa tupu. Mahali pa mapambo palishikwa na mwanga uliotoka chini ya sakafu na kupanda wima kama nguzo. Watazamaji walitambua mara moja mfano wake: mikutano ya Wanazi mjini Nuremberg, ambako zaidi ya taa mia moja za kumulikia ndege za adui zilielekezwa juu mbinguni kuuzunguka uwanja. Taa iliyotengenezwa kwa ulinzi wa anga ilikuwa imegeuzwa chombo cha kuwatisha raia, na jukwaani New York mwanga wa namna hiyo hiyo ukatumika kuonya juu ya hatari hiyo.

Taa zilizo sakafuni zahitaji matundu, na tundu katika sakafu ambako watu hutembea gizani ni hatari kama shimo njiani. Kila tundu lazima lijulikane lilipo, si kwa fundi tu bali na kwa mwigizaji.

MCHORO WENYEWE

Yafaa sasa tueleze mchoro wa taa ni kitu gani, maana ndio uliokuwa silaha ya bibi huyu. Si yeye peke yake aliyeubuni, lakini alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuufanya uwe kamili, wenye alama za kudumu, hata mtu asiyemjua aweze kuufuata.

Mchoro huo ni ramani ya jukwaa kama lionekanavyo kutoka juu. Kwa desturi ya Marekani huchorwa kwa kipimo cha nusu inchi kwa kila futi moja, yaani jukwaa lenye upana wa futi 40 huchukua inchi 20 za karatasi. Kwanza huchorwa mistari miwili. Mmoja ni mstari wa kati, uligawao jukwaa nusu kwa nusu kutoka mbele hadi nyuma. Wa pili hupita kutoka upande hata upande, nyuma tu ya ile fremu kubwa inayowatenga watazamaji na waigizaji. Vipimo vyote huhesabiwa kutoka mistari hiyo miwili.

Hapo pana hekima ambayo wasomaji wetu wataitambua upesi. Mtu asiye na mazoea angepima kutoka ukutani, kwa kuwa ukuta unaonekana kwa macho na mstari wa kati hauonekani. Lakini kuta za majumba hazilingani. Jumba moja lina nafasi kubwa upande wa kushoto, jingine lina ngazi upande wa kulia. Taa iliyopimwa kutoka ukutani itakuwa sawa katika jumba moja tu. Iliyopimwa kutoka mstari wa kati itakuwa sawa popote, maana mwigizaji naye hupangwa kwa kuufuata mstari huo huo. Ni kama kikosi kinachopima mwendo wake kutoka alama moja iliyokubaliwa na wote, badala ya kila mtu kupima kutoka mlango wa hema lake.

Juu ya jukwaa huning'inia mabomba ya chuma ya kufungia taa. Hupewa namba kuanzia lile lililo karibu na watazamaji kwenda nyuma. Taa za kila bomba huhesabiwa kuanzia mkono wa kushoto wa mwigizaji anapowatazama watazamaji, kwenda kuliani kwake. Zile zilizofungwa katika nguzo za wima kandoni huhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Kati ya taa na taa aghalabu huachwa inchi 18, ili fundi aweze kuigeuza taa moja pasipo kuigonga ya jirani.

Kila aina ya taa ina alama yake katika mchoro, kama vile kila aina ya kikosi ina alama yake katika ramani ya vita. Ndani ya alama huandikwa namba ya taa. Mbele yake huandikwa namba ya karatasi ya rangi itakayowekwa, na nyuma yake namba ya kifaa cha kuongeza na kupunguza mwanga wake. Kandoni huandikwa kimo cha bomba kutoka sakafuni. Mchoro wa pili huonyesha jukwaa kutoka ubavuni, ili pembe za mwanga zipimwe na ijulikane kama mtazamaji wa safu ya mbele ataziona taa zenyewe. Pamoja na michoro hiyo huenda orodha inayotaja kila taa kwa namba yake, mahali pake, shabaha yake na kazi yake.

Kwa nini uangalifu wote huo? Mwenye kulenga shabaha anajua kwamba kosa dogo mdomoni mwa bunduki huwa kosa kubwa mbali. Taa iliyo umbali wa futi 24 kutoka kwa mwigizaji ikipinda nyuzi 5 tu, duara la mwanga husogea zaidi ya futi 2. Uso uliokusudiwa huachwa gizani, na mwanga humulika kiti kitupu.

Tena saa za jukwaani ni ghali. Mafundi wengi hulipwa kwa wakati mmoja, na waigizaji hungojea. Penye mchoro wenye vipimo, mafundi hutundika taa zote kabla mpangaji hajafika, naye akifika hushughulika na kuzielekeza tu. Pasipo mchoro, kila taa huwa shauri jipya.

Msomaji akumbuke pia kwamba katika miaka ile hapakuwa na mashine ya kuhifadhi mwanga. Katika majumba makubwa ya New York mafundi kadhaa walisimama mbele ya masanduku yenye safu za mikono ya chuma, wakaivuta na kuishusha kwa pamoja kila amri ya taa ilipotolewa. Ni mwaka 1975, miaka sita baada ya kifo cha Bi. Rosenthal, ndipo kompyuta ilipotumika kwa mara ya kwanza kuendesha taa za mchezo mkubwa wa nyimbo katika majumba ya Broadway. Kabla ya hapo kumbukumbu yote ilikuwa katika karatasi, na karatasi ikikosewa mchezo ulikosewa.

MWANGA WA WACHEZA DANSI

Baada ya kuanzisha mwaka 1940 kampuni yake ya kuuza na kukodisha vifaa vya jukwaa, Bi. Rosenthal alizidi kuingia katika mwanga wa dansi. Martha Graham alipenda mwali mmoja unaoshuka kwa mshazari kutoka juu hata sakafuni, nao ukajulikana kati yao kama kidole cha Mungu cha Martha. Mwali huo ulikuwa na pembe yake na mahali pake, vikaandikwa.

Mwaka 1946 alijiunga na kundi la dansi la George Balanchine na Lincoln Kirstein, ambalo tangu mwaka 1948 laitwa New York City Ballet. Huko alikaa zaidi ya miaka kumi. Mwanga utokao mbele humfaa mwigizaji anenaye, kwa sababu watu wataka kuuona uso wake. Mcheza dansi hunena kwa mwili wote, na mwanga wa mbele huufanya mwili huo uwe bapa. Kwa hiyo Bi. Rosenthal aliupa uzito mwanga wa kandoni. Nguzo zilisimamishwa kwenye mapengo ya mapazia ya pembeni, zikiwa na taa katika vimo mbali mbali, hata karibu na sakafu. Mwanga wa namna hiyo hupita ubavuni mwa mchezaji, huonyesha mviringo wa mguu na mkono, na kumtenga na giza lililo nyuma yake.

Hapa kipimo kilikuwa pia ulinzi. Mcheza dansi hutoka jukwaani kwa kuruka, akiyaacha macho yake katika mwanga mkali na kuingia gizani kwa mbio. Nguzo ya chuma iliyosimama futi moja nje ya mahali pake yaweza kumvunja mguu na kumaliza kazi yake ya maisha. Kwa sababu hiyo mahali pa nguzo hupimwa na kutiwa alama sakafuni, na mafundi hawaruhusiwi kuisogeza kwa kuwa tu wao wamepata nafasi nzuri zaidi ya kupita.

Kundi la namna hiyo huonyesha dansi kadhaa katika jioni moja, na kesho huonyesha nyingine. Hakuna muda wa kushusha taa na kuzipandisha upya katika mapumziko mafupi. Ni lazima mpango mmoja wa taa utumikie dansi nyingi, kama ghala moja la silaha linavyotumikia kazi mbali mbali za kikosi. Dansi ya The Nutcracker ya Balanchine, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1954 kwa mwanga wa Bi. Rosenthal, ilikuwa miongoni mwa kazi kubwa za kundi hilo.

MIAKA YA SIFA

Kuanzia mwaka 1957 jina lake liliandamana na michezo ya nyimbo iliyovuma kuliko yote. Mwaka huo aliwasha West Side Story, na mwaka 1959 The Sound of Music. Mwaka 1964 peke yake uliona Hello, Dolly! mwezi Januari na Fiddler on the Roof mwezi Septemba. Mchezo huu wa pili wasimulia habari za kijiji cha Wayahudi katika Urusi ya wafalme, watu wa Ulaya ya Mashariki kama walivyokuwa wazazi wake. Mwaka 1966 ukaja Cabaret, mchezo juu ya mji wa Berlin wakati Wanazi walipokuwa wakipanda. Katika mchezo huo kioo kikubwa kilining'inizwa kwa mshazari juu ya jukwaa, watazamaji wakajiona wenyewe ndani yake. Kwa mtu wa taa kioo ni adui mkubwa, maana hurudisha kila mwali usiokusudiwa. Pembe zisipojulikana, watazamaji wataona taa badala ya sura zao.

Alikuwa mwanamke mfupi wa kimo, katika kazi iliyojaa wanaume wenye miili mikubwa na wenye kujivunia ufundi wao. Waliofanya kazi naye walimsifu kwa upole. Hakuwa na desturi ya kupaza sauti, naye alizungumza na mafundi kwa maneno ya upendo kama mtu wa nyumbani. Lakini upole huo ulikuwa na nguzo ya kuegemea. Fundi aliyeletewa mchoro alikuta kila kitu kimefikiriwa, hakupandishwa ngazi mara tatu kwa jambo la mara moja, wala hakulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Kiongozi ambaye amri zake ni wazi hana haja ya kelele.

MWISHO WAKE

Maradhi ya saratani yalimpata akiwa bado katikati ya kazi. Mwezi Aprili 1969 Martha Graham alikuwa akitayarisha dansi mpya, Archaic Hours, katika jumba la City Center. Bi. Rosenthal alikuwa mgonjwa mahututi. Hata hivyo alitoka kitandani, akaletwa jumbani katika kiti cha magurudumu, akakaa gizani akitazama jukwaa na kutoa maagizo juu ya taa za rafiki yake wa tangu ujana. Alifariki tarehe 1 Mei 1969, akiwa na umri wa miaka 57.

Mwaka uliofuata, 1970, tuzo za Tony, ambazo ndizo heshima kuu ya majumba ya Broadway, zilikuwa na nafasi ya upangaji wa mwanga kwa mara ya kwanza. Yeye aliyesaidia kuifanya kazi hiyo ijulikane hakuwapo kuishindania. Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake, The Magic of Light, alichokiandika pamoja na Lael Wertenbaker, chenye habari za maisha yake pamoja na mafunzo na michoro ya kazi zake.

Mambo mengi yamebadilika tangu hapo. Michoro ya taa siku hizi huchorwa kwa kompyuta, taa nyingine hujigeuza zenyewe kwa amri ya mashine, na rangi hubadilika pasipo karatasi kuguswa. Lakini mstari wa kati bado huchorwa kwanza. Taa bado huhesabiwa kutoka kushoto kwa mwigizaji, na nguzo za kandoni bado hutiwa alama sakafuni kabla mchezaji wa kwanza hajaingia.

Ndugu askari, na ndugu polisi, wengi wetu hatutaingia kamwe katika majumba hayo ya New York. Lakini kila asubuhi mmoja wetu humkabidhi mwenzake zamu. Kuna anayekabidhi kwa kunyosha mkono gizani na kusema kwamba mambo yote yako kule, kisha akaenda kulala. Na kuna anayekabidhi kitabu cha zamu kilichoandikwa vema: mlango namba fulani, taa namba fulani, hatua kadha kutoka langoni, na kasoro iliyoonekana saa fulani. Wa kwanza akipatwa na jambo usiku ule, elimu yake hupotea naye. Wa pili, hata asipoamka, mwenzake atakifungua kitabu, atapima hatua, na taa itawaka mahali pake.